YB100 au AX100: ipi ya kuvuka nayo Likoni kila siku?

Kijana_Mtongwe
Assalaam aleikum wanajamvi. Nataka pikipiki ya kunitoa Mtongwe, nivuke feri, nifike kazini Mwembe Tayari. Nataka tu-stroki, ile injini inayochoma oili pamoja na petroli, msinicheke. Babu alikuwa nayo na ule moshi wake bado uko puani mwangu. Nimepata mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza Yamaha YB100 ya mzee mmoja wa Mji wa Kale: imeliwa na kutu chini ya tangi, lakini asema injini haijawahi kufunguliwa. Ya pili Suzuki AX100, rangi mpya, yawaka kiki ya kwanza. Mngechukua ipi?

Bodi_Kisauni
Boxer. Nimemaliza.

Mama_Nyanya
Mie nina AX mwaka wa sita, nabeba nyanya kutoka Kongowea. Kabureta iko nyuma ya silinda, fundi yeyote wa barabarani aifikia. YB kabureta yake imefichwa ndani ya kifuniko ubavuni mwa injini. Ikikuzimia kwenye foleni ya feri na jua lile, utaanza kutafuta bisibisi watu wakikupigia honi. Chukua AX mwanangu.

FundiSpana
Mama Nyanya, kabureta ni kweli, lakini kijana aulizia injini mbili alizoziona, si za kwenye kitabu. Zote ni sisi (cc) mia kasoro kidogo, zote zina tangi la oili peke yake na pampu. Tofauti ya YB ni ile sahani inayozunguka kufungua na kufunga njia ya hewa. Yavuta vizuri ukiwa taratibu, na mnyororo wake umefunikwa wote, jambo ambalo kwa hewa ya chumvi ya kwetu si dogo.

Sasa sikiza. Tu-stroki hupumua kwa tumbo: petroli na hewa hupita chini kwenye krenki kabla ya kupanda juu. Kwa hivyo sili za krenki, ile mipira inayoziba kando zake, zikichoka, injini imekwisha hata ikiwa na rangi ya dhahabu. Sili ya upande wa gia ikivuja, itakunywa oili ya gia na kutoa moshi mweupe usiokoma. Ya upande wa magneti, panapozalishwa umeme, ikivuja, huvuta hewa: injini yapanda mlio yenyewe ikishapata moto, pistoni yapata joto, halafu siku moja yakwama.

Usikubali kuwashiwa pikipiki ambayo tayari ina moto. Ishike silinda kwanza, iwe baridi. Endesha dakika kumi, rudi, iache ingurume. Kisha fungua plagi. Rangi ya kahawa, sawa. Nyeusi yenye majimaji, oili nyingi, hiyo yatibika. Nyeupe, hewa imezidi, rudi nyumbani.

Zamani_Tudor
Na kama pampu ya oili imekufa, changanya mwenyewe: oili mililita 200 kwa lita 5 za petroli.

FundiSpana
Hiyo ilikuwa kwa oili za enzi zile. Kwa 2T (oili ya tu-stroki) nzuri ya leo, mililita 125 kwa lita 5 yatosha, la sivyo utaziba ekzosi kwa masizi. Ukikosa 2T ya pikipiki, ile ya kuchanganya na petroli ya pawa so (msumeno wa injini) yafaa, si ile ya mnyororo wake. Usitie ya Boxer, hiyo ni ya foo-stroki. Na ukichanganya mkononi, ukishuka Mazeras usifunge mafuta kabisa ukaiacha gia ishike: petroli haiingii, na oili imo ndani ya petroli hiyo hiyo.

Bodi_Kisauni
Na mimi nilisema Boxer.

Kijana_Mtongwe
Jumamosi nimezunguka kote kuwili. AX niliikuta ya moto, jamaa asema "nilikuwa naipasha." Nikangoja, tukazungumza mpira mpaka ikapoa. Ilipowaka tena, dakika ya nane ikaanza kulia juu juu bila kuguswa mafuta. Plagi nyeupe kama chaki. Nikamuaga.

Kwa mzee nikapewa kahawa kabla ya funguo. YB iliwaka kiki ya tano, moshi mpaka jirani akafunga dirisha. Plagi nyeusi, mbichi. Kumbe mzee achanganya oili kwenye tangi kwa kikombe cha kahawa, kwa macho tu, na pampu nayo bado yafanya kazi! Oili mara mbili. Nilipoufungua mpira wa pampu, oili ikashuka safi bila povu. Injini ilipokuwa yanguruma, mlio haukupanda hata kidogo.

Roho iko kwa YB. Ila logbuku ina jina la nduguye, na nduguye alishafariki.

Mama_Nyanya
Usitoe hata shilingi.

Zamani_Tudor
Warithi waende kwa Kadhi kwanza, ipatikane karatasi ya mirathi, ndipo jina libadilishwe. Mzee akikwambia "tutamalizana baadaye", kunywa kahawa yake uondoke.

Kijana_Mtongwe
Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Kesho narudi kumuuliza watoto wa nduguye wako wapi.