Naomba ushauri: mguu niliowekewa chuma bado unatoa usaha

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mwaka 2021 nikiwa nyuma ya bodaboda tuligongwa na gari aina ya Noah. Nashukuru Mungu nilipona, ila mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatoka nje. Nikafungwa chuma cha ndani, na baada ya miezi minane nikaacha magongo.

Shida ni kwamba kila baada ya miezi mitatu minne, pale kwenye kovu panavimba, panapata moto, kisha panatoboka kitundu kama cha sindano na usaha unatoka. Nikinywa antibiotiki panafunga, halafu tunaanza upya. Mimi ni fundi cherehani na mguu huo ndio wa kukanyagia pedeli. Siku nyingine naufunga kipande cha kanga ili wateja wasisikie harufu. Sukari nimepima, sina.

Daktari mmoja ameniambia mfupa una maambukizi sugu, chuma kitolewe na mfupa ukwanguliwe. Mwingine kasema niendelee na dawa. Hakuna aliyewahi kuchukua usaha kuotesha maabara ili kujua ni vijidudu gani na dawa ipi inawaua, dawa nabadilishiwa tu. (Mafuta ya mgando na mwarobaini nimeshajaribu, tafadhali tusirudi huko.)

Aliyetolewa chuma na kukwanguliwa mfupa, ulikaa muda gani kabla ya kukanyagia tena? Na je, nidai kipimo cha usaha kwanza kabla sijakubali upasuaji?