Tupeane uzoefu: mifumo ya papo kwa papo kwa watumiaji ambao simu zao hutoka hewani mara kwa mara

Ndugu wanajamvi, naandika kutoka Dodoma, ambako wateja wetu wengi hutumia simu janja za bei nafuu wakiwa safarini kati ya mji wenye mtandao mzuri na vijiji ambako mtandao huja na kuondoka. Ninaomba kila aliyewahi kusanifu mfumo wa papo kwa papo, yaani unaomfikishia mtumiaji habari mpya mara tu inapotokea, aeleze alivyoupanga, na hasa alivyoshughulikia kipindi ambacho simu haikuwa hewani, kwa sababu naamini hapo ndipo ubora wa usanifu wote unapopimwa.

Nianze mimi. Mfumo wetu huwaonesha wafanyabiashara wa Kibaigwa bei za mahindi. Karani akiingiza bei mpya kupitia kivinjari, simu zinatakiwa kuionesha mara moja. Tulichagua websoketi, itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) iliyopata kiwango rasmi mwaka 2011, kwa kuwa huacha njia moja wazi ambayo seva na simu hupeana ujumbe bila simu kuuliza kila wakati. Hata hivyo, websoketi haina kumbukumbu: ujumbe unaotumwa wakati njia imekatika hautarudiwa. Kwa hiyo kila badiliko la bei huandikwa kwanza kwenye hifadhidata na kupewa namba ya mfuatano, ndipo litangazwe. Simu hutunza namba ya mwisho iliyoipokea, na ikirudi hewani huitaja, nayo seva huipa yote yaliyofuata. Websoketi ni mpiga mbiu tu. Daftari ni hifadhidata.

Mchangiaji, Singida

Kwetu watumiaji ni madereva wa malori ya alizeti wanaosubiri zamu ya kushusha mzigo. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyoachwa bila kuguswa huzuia programu kutumia mtandao isipokuwa kwa vipindi vifupi, na iPhone nayo husimamisha programu muda mfupi baada ya mtumiaji kuiacha, kwa hiyo websoketi haiwezi kutegemewa mfukoni mwa dereva. Tunaitumia pale tu programu inapokuwa wazi mbele yake. Nje ya hapo tunatuma arifa kupitia Firebase Cloud Messaging, huduma ya Google ya kufikisha arifa kwenye simu. Arifa hiyo haibebi orodha ya zamu, bali huiita simu ikachukue orodha mpya kwenye seva, kwa kuwa arifa yaweza kuchelewa na kufika ikiwa na habari iliyokwisha kupitwa. Zamu ikikaribia sana, tunaongeza ujumbe mfupi wa maandishi, ambao hauhitaji bando.

Mchangiaji, Mpwapwa

Sisi shida yetu ni upande wa kutuma. Maofisa mifugo huandika taarifa za magonjwa wakiwa malishoni, hivyo kila taarifa huhifadhiwa kwanza ndani ya simu, kwenye SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe), na kusubiri mtandao. Jambo ninalolisisitiza kwa kila kijana ninayefanya naye kazi ni hili: simu yenyewe ndiyo itoe kitambulisho cha pekee cha taarifa, wala si seva. Mara nyingi taarifa hufika salama lakini jibu la seva likapotea njiani. Simu hutuma tena, na bila kitambulisho hicho seva haitajua kuwa ni taarifa ileile, na ng'ombe mmoja aliyekufa atahesabiwa kuwa wawili.

Mchangiaji, Dodoma mjini

Naongeza mambo ya seva. Zikiwa zaidi ya moja, tangazo lililoingia kwenye seva ya kwanza lazima liwafikie watumiaji walioungana na ya pili; sisi hulipitisha kwenye Redis, programu inayosambaza ujumbe kwa haraka kati ya seva. Seva ikiwashwa upya, simu zote hukimbilia kuunganishwa kwa wakati mmoja na kuielemea tena, kwa hiyo kila simu isubiri muda wa kubahatisha, unaorefuka kila jaribio linaposhindikana.

Kwa mwanzisha mada: ikiwa wafanyabiashara husoma bei tu, si lazima utumie websoketi. Mkondo wa upande mmoja, kutoka seva kwenda kwa simu, juu ya HTTP ya kawaida (itifaki ya kurasa za wavuti) unatosha, na kivinjari hujiunganisha upya chenyewe kikitaja tukio la mwisho kililopokea.

Mwanzisha mada

Nashukuru, wauzaji wetu wameanza kujibu bei kwa kutoa ofa, ndiyo maana tunahitaji pande zote mbili. Ndugu wa Mpwapwa, maofisa wawili wakibadilisha taarifa ileile bila mtandao, mnafuata ya nani?

Mchangiaji, Mpwapwa

Hatufuti ya yeyote. Kila badiliko huhifadhiwa kama tukio jipya lenye jina la aliyeliandika, na mabadiliko yanapopingana, daktari wa mifugo wa wilaya huonyeshwa yote mawili na kuamua. Saa za simu hatuziamini kabisa kuonyesha nani aliandika mwisho, kwa sababu nyingi huwekwa kwa mkono.