Ba ajansi ba L'shi (Lubumbashi) benye kuuzisha familia “Zanzibar yote, siku tano”: mutakula feza ya bazazi mupaka wapi??

Bazazi benzangu ba L'shi, Likasi na Kolwezi, musilipe avansi ya Zanzibar mbele ya kusoma hii.

Niko na kasirani na sitaificha. Kuko ajansi hapa mujini (jina siliandike, benyewe banajijua, na haiko bao peke, niliuliza fasi ingine nikapewa karatasi inafanana nayo kabisa) inauzisha familia kintu kinaitwa “Zanzibar yote, siku tano, usiku ine”. Afishi yabo inatembea ku WhatsApp, minazi, mayi ya buluu, bei kwa kichwa imeandikwa kubwa kubwa. Siye tuko batu saba: miye, papa ya batoto, kambo yabo mwenye magoti inamusumbua, na batoto bane, wa kwanza ana miaka 13, wa mwisho ana mine. Tulitaka safari ya kuzunguka kisiwa polepole na familia yote. Programu ya kila siku habaitoe mbele ya avansi, unalipa kwanza njo banakutumia PDF. Tukalipa. PDF ikafika, na tangu ile siku kila kintu tunauliza kinaonyesha kama mu ile ofisi hakuna mutu alifungua ramani ya kisiwa hata mara moja. Sasa banakatala kurudisha feza.

Siku ya tatu, nakopia vile iko: asubui Kizimkazi kuona dolfini, kisha Jozani kuona ba kima, kisha Mnemba kuogelea na samaki, kula Paje, jua kuzama Kendwa, usiku Forodhani. Hoteli iko Nungwi.

Mukamate ramani tafazali. Nungwi ni ncha ya kaskazini, Kizimkazi ni kusini kabisa, na Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar, ina urefu wa kilomita karibu 85. Dolfini banatafutwaka asubui mapema sana, maana batoto batoke kitandani saa kumi ya usiku bakae mu gari masaa mbili na zaidi ndipo bapande mashua. Jozani sawa, iko ku njia. Lakini Mnemba?? Kile kisiwa kidogo kiko upande wa kaskazini-mashariki, mashua inatokea Matemwe ao Nungwi, kwa hiyo unapanda tena kisiwa yote, kisha unashuka kusini kula Paje, kisha unapanda tena Kendwa kukimbilia jua, kisha unashuka tena mu Mji Mkongwe juu ya Forodhani, fasi banauzisha vyakula usiku, saa moja na nusu ya gari, na kisha kula mishikaki unarudi Nungwi saa moja na nusu ingine kulala. Na kambo mwenye magoti. Na mutoto wa miaka mine. Ile haiko programu ya familia, ni programu ya shofere.

Nikamuuliza kijana wa ofisi, akanijibu “mama, batu banafanyaka, usiogope”. Batu gani? Vijana bane benye nguvu mu gari moja banaweza kufanya, sikatae. Lakini familia inasimama kukojoa, inatapika mu kona, mutoto mumoja analala mwingine analia njaa, kambo anataka kuketi chini ya muti hata nusu saa. Ukiuzisha na familia upashwa kuhesabu ile yote, njo kazi yenye tunakulipia.

Sasa bahari. Hii ilinichoma zaidi. Banaandika Paje na Jambiani, “plaji ya batoto siku muzima”. Upande wa mashariki mayi inapwaka inaenda mbali, mbali sana, unabakia na muchanga, nyasi ya bahari, mashua zimelala ubavu, na bamama ba mwani banatembea kwa miguu ku mashamba yabo fasi asubui mayi ilikuwa inafika mutu shingo. Inakuwa vile mara mbili kila siku. Kutoka kujaa mupaka kupwa ni masaa sita na kidogo, na kila siku saa inasogea kama dakika 50, kwa hiyo haiko siri wala bahati, ukijua tarehe unajua saa. Mwezi ukiwa muchanga ao muzima, bamvua yenyewe, tofauti ya mayi ya juu na ya chini inafika karibu mita ine. Nungwi na Kendwa kule kaskazini mayi haikimbie vile, mutoto anaweza kuingia karibu saa yote. Nilitumia ile picha ya afishi mutu mumoja wa Jambiani mwenye nilipata ku intaneti, akaniambia picha ni ya mayi kujaa, na kama tunakuja batoto babebe viatu vya mayi juu chini kuko vile vinyama vya miiba. Dakika mbili tu alinifundisha kile ajansi yenye kulipwa haikunifundisha.

Siye batu ba Katanga hatuna bahari. Mayi ya ziwa haitoke ikaenda kilomita nzima kisha ikarudi. Njo maana mutu analipa ajansi! Kama banashindwa kusema “siku ile mayi itajaa saa ine, batoto baogelee mupaka saa saba, kisha muende Jozani”, basi feza yabo ni ya nini?

Na tarehe. Ofa ya bei ya chini ni ya Pasaka. Mutu yeyote wa pwani atakuambia masika inapigaka kuanzia mwezi wa tatu mupaka wa tano, na hoteli mingi zinafungaka mwezi wa ine na wa tano juu hakuna bageni. Pasaka haitoke inje ya tarehe 22 mwezi wa tatu na 25 mwezi wa ine, mwaka yoyote ile. Banajua vizuri. Njo sababu bei iko chini. Kuuzisha masika haiko zambi, kuko batu banapenda kisiwa kikiwa na batu kidogo na bei nafuu, lakini mwambie mutu mbele ya kupokea feza yake. Siye tukasema hapana, tupeleke mwezi wa saba, masomo imefungwa, hapa baridi na vumbi, kule ni wakati wa kavu. Bei ikapanda karibu mara mbili, na avansi banasema ni ya “Pasaka”, haihamishike. Mu resi yenye tulipewa, ule mustari wa “haihamishike” hauko. Niko nayo hapa, mustari hauko.

Bei kwa kichwa ile ni bongo tu. Chini ya PDF, maandishi kama ya mugongo ya kopo ya dawa: bila taksi na asiransi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar iliweka asiransi ya lazima kwa bageni, dola 44 mutu mukubwa, unailipa ku intaneti mbele ya kufika, hata kama uko na asiransi ingine. Bakubwa batatu kwetu, ile bei kamili ni dola 132, na batoto sijahesabu. Tukauliza: Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, ile inabadilisha kintu kwetu ao hapana? Jibu: “mutaona kule kule”. Mutaona kule kule! Na familia ya batu saba, mbele ya dirisha. Ongeza Go-Pass, ile taksi ya aeroport yetu ya Luano, kwa kila mutu, ongeza ushuru wa hoteli wa kila usiku kwa kila kichwa, ongeza tiketi ya Jozani, mashua ya kisiwa cha Changuu, feza ya kuingia Mnemba. Hakuna hata moja iko mu ile bei kubwa kubwa.

Karti ya manjano, ile ya chanjo, nisiipite haraka kwa sababu hapa banacheza na batoto ba batu. Mutoto wetu wa mwisho hana karti ya kimataifa bado. Ule kijana akasema “ile tunapangaka ku aeroport”. Nilisimama pale pale. Tanzania inaomba chanjo ya homa ya manjano kwa batu benye kutoka inchi kama yetu, kuanzia mutoto wa mwaka mumoja, na cheti kinaanza kuwa na nguvu siku 10 kisha sindano. Siku 10. Huwezi kupanga ku aeroport ile asubui ya ndege, isipokuwa ni karti ya kununua bila sindano, na mutoto akipata ule ugonjwa karti haitamuponyesha. Kwa mutu mukubwa na kwa mutoto sindano moja inatosha maisha yote, tangu 2016 cheti hakiishe tena, kwa hiyo ajansi ingetuambia siku ya kwanza tungefanya na ingekwisha.

Na kile kilichoumiza roho yangu. Siku ya pili, Mji Mkongwe: “shopping na picha, dakika 90, kuingia Beit-el-Ajaib”. Beit-el-Ajaib, ile nyumba kubwa ya zamani ya sultani, iliporomoka upande mumoja tarehe 25 Desemba 2020, batu balikufa, na ule mutu wa Jambiani aliniambia bafundi bangali ndani. Banauzisha mulango wenye kufungwa.

Lakini Mkunazini, fasi ya soko ya zamani ya batumwa mu Mji Mkongwe, haiko mu programu kabisa. Batu ba Congo! Kama kuko batu benye kupashwa kufika Mkunazini ni siye. Pembe ya tembo na batu ba minyororo balitoka huku, Maniema na Katanga, bakapita Ujiji, Tabora, mupaka Bagamoyo, bakavushwa. Ile soko ilifungwa 1873, bakajenga kanisa ya Anglikana pale pale, altari iko fasi kulikuwa nguzo ya kupigia batu fimbo. Ndani kuko musalaba wenye kutengenezwa na mbao ya ule muti wenye walizika moyo wa mumisionari Livingstone chini yake kule Chitambo, Zambia, haiko mbali sana na mupaka wetu. Tippu Tip, mufanyabiashara wa pembe na batumwa, mwenye kushika Kasongo, ule mwenye Leopold II alimuweka gavana wa Stanley Falls mu 1887, leo Kisangani, nyumba yake iko mu ule muji, na alikufa mule 1905. Na Msiri wetu, mufalme wa Bunkeya, mbele ya batu ba kapiteni Stairs, mwenye Leopold alituma, bamuue tarehe 20 Desemba 1891, shaba na pembe yake ilikuwa nafuata ile ile njia kwenda pwani. Binti yangu wa kwanza alisoma Msiri ku masomo, akaniambia mama nataka kuona fasi njia ilikuwa naishia. Ajansi ya Lubumbashi, ya batoto ba Katanga, inamupa dakika 90 za kununua kofia. Nilipoomba babadilishe, banitowee Kendwa ya jua kuzama baweke asubui moja Mkunazini na mwongozaji, banasema ni “extra”, dola kwa kila kichwa, na kambo pia.

Kintu chenye tunaomba ni hiki: barudishe avansi yote, juu programu yenye balionyesha kisha malipo haifanyike na familia, na hakuna mutu alitusomea sharti lolote. Tumeshaandika barua, papa ya batoto aliipeleka mwenyewe, balipiga muhuri ku kopi yetu. Kama habajibu tutaenda mbele, na uzi huu nitauandika tena na kila jibu.

NYONGEZA, juu batu bananiandikia mu inbox: hapana, haiko “batu ba Congo hatujue kutalii”. Na kwa ule yaya aliniambia tukodishe gari tujiendeshe, asante, lakini kule banaendesha upande wa kushoto, unahitaji ruhusa ya kwao ya kuendesha, polisi wako ku barabara, na papa ya batoto hataki kujifunza upande mupya na batu saba ndani. Tumeamua kupanga siye benyewe. Fasi mbili tu, haiko sita: usiku tatu Mji Mkongwe, Mkunazini asubui, Changuu kuona kobe wakubwa siku bahari imetulia, Jozani siku ya kutoka, kisha zote zenye kubakia kaskazini fasi batoto banaweza kuingia mu mayi bila kungojea saa. Paje tutaenda siku moja kuona ile mayi inatoka, batoto bavae viatu, tutembee na bamama ba mwani kama banakubali. Kizimkazi tumeiacha. Kubeba mutoto wa miaka mine saa kumi ya usiku kufukuzana na dolfini, hapana.

Na bazazi benye kwenda, sasheti za plastiki zote muziache nyumbani, Tanzania ilizikataza tangu tarehe 1 Juni 2019, mupange nguo mu mifuko ya kitambaa.

Kama kuko mutu wa Nungwi ao Kendwa eko nasoma hapa, mwenye nyumba ya vyumba bitatu, chini, bila ngazi juu ya kambo, mwezi wa saba, aandike bei nzima na ushuru ndani. Aandike hapa ku uzi, haiko mu inbox, bazazi bote baone.