MJADALA: Nani aamue kipi ni herufi kwenye programu za C, lokali ya mfumo au majedwali yetu wenyewe?

Kipanga
Wakuu, hoja hii hairudi nyuma wala haiendi mbele, tuimalize. Programu ya C inasoma majina ya watu. Kazi ya kuamua hii ni herufi, hii tarakimu, hii alama, tuiachie lokali ya mfumo (mipangilio yake ya lugha na nchi) kupitia `<wctype.h>`, au programu ibebe majedwali yake ya Yunikodi (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, U+...)?

Mimi nasema lokali. `iswalpha`, `iswpunct` na ndugu zao wamo kwenye kiwango cha C tangu nyongeza ya 1995 na havihitaji maktaba ya ziada. Halafu kuna `wctype` na `iswctype`, ambazo zinakubali hata aina ambazo lokali imejiundia: kwenye `ja_JP`, lokali ya Kijapani ya glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi), unaomba `wctype("jhira")` na unapata kundi la hiragana, mwandiko mmojawapo wa Kijapani. Ukiomba aina isiyokuwepo unarudishiwa sifuri.

Baiti Nane
Mkuu Kipanga, umeruka hatua ya kwanza. Kila programu ya C inaanza katika lokali ya "C", hata mashine iwe imewekewa nini. Bila kuita `setlocale`, inayobadilisha lokali, glibc itakuambia é si herufi. Na hata ukiita `setlocale(LC_ALL, "")`, kontena nyingi ndogo (mazingira yaliyofungwa ya kuendeshea programu) hazina lokali yoyote iliyosakinishwa. Mazingira yakitaja lokali isiyokuwepo, wito unarudisha NULL (yaani umeshindwa), hakuna anayeangalia, programu inabaki "C". Kwenye kompyuta ya mwandishi kila kitu kinapita, kwenye seva majina yanakataliwa.

Kipanga
Hilo ni kosa la kutokuangalia jibu, si la lokali:

```c
if (!setlocale(LC_CTYPE, "") ||
    strcmp(nl_langinfo(CODESET), "UTF-8") != 0)
    if (!setlocale(LC_CTYPE, "C.UTF-8"))
        return 1;
```

Hiyo ni kwa mifumo ya POSIX (Linux na jamaa zake). `C.UTF-8` inakuja na glibc yenyewe tangu toleo la 2.35 la 2022, ingawa lazima isakinishwe, na Debian walikuwa nayo kabla. Na tafadhali, `LC_CTYPE` tu. Ukiweka `LC_ALL` kwenye mashine ya Kijerumani, `printf("%f")` inaandika koma mahali pa nukta na faili lako la JSON limekufa.

Mama Kokotoa
Naongeza kosa ninaloliona mara nyingi kuliko hilo la NULL: mtu anachukua baiti za UTF-8 (usimbaji unaoandika kila herufi kwa baiti moja hadi nne) moja moja na kuzitia kwenye `iswalpha`. Chukua ĩ ya Kikuyu. Ni baiti mbili, C4 na A9. Kila moja ikisomwa kama herufi pana (`wchar_t`) zinakuwa Ä, ambayo ni herufi, na ©, ambayo ni alama. Jina linakatwa katikati na lawama inaenda kwa lokali. Pitisha baiti kwenye `mbrtowc` kwanza, na utofautishe majibu yake mawili mabaya: `(size_t)-1` maana yake baiti ni mbovu, `(size_t)-2` maana yake herufi haijakamilika, bafa imeishia katikati yake. Hilo la pili si kosa. Hifadhi `mbstate_t` uendelee na bafa inayofuata.

Hata hapo hujasalimika. ĩ hiyo hiyo inaweza kuja kama i ya kawaida ikifuatwa na U+0303. Glibc inaiita U+0303 alama, `iswpunct` inasema ndiyo. Sawazisha maandishi kwenda NFC (umbo la Yunikodi linalounganisha herufi na alama yake) kabla ya kuainisha. Na C haina kitendo cha kusawazisha, kwa hiyo maktaba ya nje unaihitaji upende usipende.

Baiti Nane
Asante. Na nani kati yenu anajua kwamba glibc inaita ٣, tarakimu ya Kiarabu, *herufi*? Kiwango cha C kinataka `iswdigit` ikubali 0 hadi 9 tu, basi tarakimu nyingine zote zikatupwa kwenye alpha, yaani kundi la herufi. Nenda musl (maktaba nyingine ya C), `iswalpha` haiangalii lokali kabisa. Nenda Windows, `wchar_t` ina biti 16, kwa hiyo herufi ya Adlam, mwandiko wa Kifula (U+1E900 kuendelea), inagawanyika vipande viwili na hakuna kipande ambacho ni herufi. CentOS 7 yenye glibc 2.17 haiijui Adlam hata kidogo, maana iliingia Yunikodi 2016. Msimbo mmoja, majibu manne. Maktaba ya Yunikodi kama ICU au utf8proc unayoibeba mwenyewe inajibu vilevile kila mahali.

Kipanga
ICU kamili na data yake ni makumi ya megabaiti. Mtu anayeandikia ruta hawezi. utf8proc nakubali, ni ndogo.

Mwana wa Lamu
Mnabishana kuhusu jedwali wakati kwa Kiswahili jedwali lolote halitoshi. Jaribuni *ng'ombe* kwa kitanzi cha `iswalpha`: mnapata "ng" na "ombe". `sw_TZ` na `sw_KE` hazisaidii. Sehemu yake ya `LC_CTYPE` inanakili "i18n" ileile ya karibu kila lokali. Alama ya U+0027 ni punct (kundi la alama), U+2019 ambayo Word inaiweka yenyewe ni punct, lakini U+02BC ni alpha. Neno moja, sura tatu, matokeo mawili.

Dawa ni kanuni za mipaka ya maneno za UAX #29, kiambatisho cha kiwango cha Yunikodi: alama ya ' au ’ ikiwa katikati ya herufi mbili, usikate. Kwa Kiswahili inakaa sawa kwa sababu ng' hufuatwa na herufi nyingine. Kanuni hiyo moja inaandikika kwa mistari kumi juu ya `iswalpha`, Kipanga, bila ICU.

Kipanga
Mistari kumi naichukua. Ila kwa `towupper` (kugeuza kuwa herufi kubwa) bado nashikilia lokali: chini ya `tr_TR`, i inakuwa İ, na hicho ndicho Mturuki anachotaka.

Mama Kokotoa
Kwenye maandishi yake, sawa. Kwenye jina la kuingilia au neno la amri ya programu, hapana: "file" inageuka "FİLE" na ulinganisho unaanguka. Huko pima `c >= 'a' && c <= 'z'` kwa mkono. Na kama seva yako ina nyuzi nyingi usiite `setlocale` kila ombi likiingia, inabadilisha mchakato mzima. Tengeneza lokali kwa `newlocale` na utumie `towupper_l`.