Naomba ushauri: kikao cha tafakari wodini kimegeuka cha kutafuta mchawi

Habari zenu wadau, hasa wauguzi na madaktari mnaosimamia wenzenu.

Mimi ni muuguzi, nilikabidhiwa usimamizi wa wodi miezi mitano iliyopita. Nikaanzisha kikao cha tafakari cha dakika 20 kila wiki, baada ya kupokezana zamu. Tunafuata mzunguko wa Gibbs wa 1988, yaani hatua sita za kutafakari tukio la kazini ili kujifunza: nini kilitokea, ulijisikiaje, kipi kilienda vizuri au vibaya, kwa nini, ungefanya nini tofauti, na mpango wa safari ijayo. Kwenye karatasi unapendeza. Wodini, tukifika kwenye hisia tu, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Kilichoharibu zaidi ni hiki. Muuguzi mgeni kazini alieleza alivyochelewa kumwita daktari wakati mgonjwa wake amefika pumzi 28 kwa dakika, yaani anapumua kasi kupita kawaida. Mgonjwa alipona. Lakini mkubwa mmoja akadakia, "Kwani chuoni mlifundishwa nini?" Tangu siku hiyo binti hafungui mdomo. Na mimi, nakiri, nilinyamaza.

Nimejaribu waandike bila majina. Wakaleta sentensi mbili mbili, kama wanajaza fomu ya likizo. Nimeanza na kosa langu mwenyewe. Wakanisikiliza kwa adabu, basi.

Je, kikao kiongozwe na mtu asiye bosi wao, au nikiachia nitaonekana nimekimbia? Na yule mkubwa, anayenizidi umri na uzoefu, nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Asanteni.