Jamaa wa Changamwe: yule mama wa Kismayu

Mariamu: Shikamooni wakubwa. Kuna picha tumepewa chuoni tuijadili. Mzungu mwembamba, mtu mzima, nywele kazifunga nyuma, kambeba mtoto wa Kisomali aliyebaki mifupa. Maelezo yake ni "Somalia, 1992", basi. Kuna amjuaye?

Shangazi Zainabu: Marahaba mwanangu. Huyo ni Audrey Hepburn, mcheza sinema. Hapo ana miaka 63, na miezi minne baadaye alikuwa ameshafariki.

Ami Salimu: Ndiye yule wa Roman Holiday? Aliyekatwa nywele na kinyozi?

Shangazi Zainabu: Ndiye.

Idi: Kumbe nyota wa sinema. Mimi hawa huwa siwaamini. Wanashuka ndege, wanabeba mtoto wa watu, kamera zinapiga, jioni washapanda ndege kurudi kwao.

Mama Idi: Idi! Hapo ni shangazi yako unayezungumza naye.

Idi: Niwie radhi shangazi. Lakini nauliza kweli. Yeye na njaa ya Somalia wapi na wapi?

Shangazi Zainabu: Uliza mwanangu, hujanikosea. Wengine pengine ni hivyo usemavyo. Huyu njaa aliijua kwa tumbo lake mwenyewe.

Alizaliwa Brussels, Mei 1929, mama yake Mholanzi wa ukoo mkubwa. Baba aliondoka mtoto ana miaka sita. Vita vilipoanza, mama akamchukua hadi Arnhem, Uholanzi, akidhani huko watasalimika. Wajerumani wakaingia Mei 1940. Mwaka 1942 mume wa khaloo yake alipigwa risasi pamoja na mateka wengine. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1944 kuingia 1945. Wajerumani wamezuia chakula kisipite, barafu imetanda, na watu kama 20,000 wakafa Uholanzi. Watu walichimba mizizi ya maua ya tulip wakala. Binti ana miaka 15, miguu imevimba, damu imepungua, manjano yamempata.

Mama Idi: Subhanallah. Mzungu kula mizizi ya maua!

Shangazi Zainabu: Njaa haichagui, wifi. Vita vilipokwisha, yakafika malori ya misaada ya Umoja wa Mataifa, yana maziwa, unga, mablanketi. Binti huyo alipanga foleni kama wale watoto unaowaona kwenye hiyo picha. Na UNICEF yenyewe, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, ilianzishwa Desemba 1946 kwa ajili ya watoto wa Ulaya walioachwa hoi na vita. Afrika tulikuja baadaye. Kwa hiyo Idi, alipombeba yule mtoto wa Kisomali, alikuwa anarudisha alichopewa.

Idi: Hilo sikulijua.

Mariamu: Shangazi, na sinema aliingiaje?

Shangazi Zainabu: Yeye alitaka kucheza dansi, ile ya ballet. Alisoma Amsterdam kisha London, ila aliambiwa hatafika juu kabisa. Ni mrefu mno, na mwili ulishaumizwa na miaka ile ya vita. Akaanza kupata sehemu ndogo ndogo jukwaani na kwenye filamu. Mwaka 1951 mwandishi wa Kifaransa, Colette, alimwona Monte Carlo akasema huyu ndiye Gigi wangu, yaani yule binti wa hadithi yake, na ndipo akapelekwa New York kuigiza. Roman Holiday ikatoka 1953. Gregory Peck alikuwa nyota mkubwa, naye hakuwa anajulikana. Peck ndiye aliyewaambia wenye filamu jina la binti liandikwe juu sambamba na lake, kwani atashinda Oscar. Akashinda kweli, Machi 1954, na wiki hiyo hiyo akapata Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani.

Ami Salimu: Kuna moja alicheza mtawa.

Shangazi Zainabu: The Nun's Story, 1959. Hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Anaigiza mtawa muuguzi aliyepelekwa Kongo ya Wabelgiji, na walikwenda kupiga picha huko huko, Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Watu humsifia nguo za Givenchy, mshonaji wa Kifaransa, na lile gauni jeusi la filamu ya Breakfast at Tiffany's, 1961. Mimi nasema mtazame humo, amefunikwa, uso tu ndio waonekana, na kila kitu anakisema kwa macho.

Ami Salimu: 🎤 *(ujumbe wa sauti, dakika 1)*

Mariamu: Ami, niko maktaba, siwezi kusikiliza.

Ami Salimu: Haya naandika. Agosti 1992 Wamarekani walianza kupeleka chakula Somalia kwa ndege kutoka uwanja wetu wa ndege wa Moi, hapa Mombasa. Zile ndege kubwa za jeshi, C-130. Sisi tuko Port Reitz, kikombe chatikisika mezani kila zikiruka. Watoto walikuwa wanakimbia nje kuzihesabu. Watu wakiuliza Somalia kuna nini mpaka kelele zote hizi.

Mama Idi: Na kambi ya wakimbizi ya Utange mwaisahau? Wabarawa wa Somalia walikuja na mashua tangu 1991, watoto, wazee, wengine hawana hata kanzu ya pili. Wakisema Chimini chao, na sisi twasikia nusu yake kwa vile ni ndugu na lugha yetu. Nilikuwa na mimba ya Idi. Tulikuwa tukipika sufuria la wali tunapeleka.

Idi: Mama hujawahi kuniambia haya.

Mama Idi: Hukuwahi kuuliza.

Shangazi Zainabu: Basi yeye alifika Septemba mwaka huo huo. Kismayu, Baidoa, Mogadishu. Alisimulia baadaye kwamba kutoka angani aliona ardhi nyekundu imejaa matuta kuzunguka kambi, mfano wa mawimbi, na yale matuta yalikuwa makaburi. Baidoa alikuta maiti za watoto zikipakiwa kwenye lori asubuhi. Haikuwa safari yake ya kwanza. Akiitumikia UNICEF, alianzia Ethiopia, Machi 1988, kwenye kituo cha yatima Mek'ele, kisha Uturuki kwenye chanjo, Sudan, Bangladesh, Vietnam. Mwaka 1989 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwaombea watoto. Sura yake ilijulikana dunia nzima, akaitumia makusudi kuleta kamera mahali ambapo hazikuwa zinakwenda.

Na filamu alikuwa ameshaziacha kwa sehemu kubwa tangu 1967, akalee wanawe wawili. Alikuwa na nyumba Uswisi, Tolochenaz, yenye bustani. Angeweza kukaa tu.

Mariamu: Aliumwa nini?

Shangazi Zainabu: Saratani iliyoanzia kidole tumbo. Tumbo lilimsumbua aliporudi kutoka Somalia, akapasuliwa Los Angeles Novemba mosi, wakakuta imeshaenea. Akataka Krismasi kwake, Givenchy rafiki yake akamtafutia ndege ya kumrudisha Uswisi. Akafariki 20 Januari 1993. Machi ile Hollywood ikampa tuzo ya Oscar ya wema kwa binadamu, ikapokewa na mwanawe mkubwa, Sean.

Ami Salimu: Na yule baba aliyeondoka?

Shangazi Zainabu: Alimtafuta kupitia Msalaba Mwekundu, akampata Dublin. Mzee hakumwonyesha mapenzi ya kutosha, naye akaendelea kumtunza kwa pesa mpaka alipokufa.

Mama Idi: Huyo alilelewa.

Idi: Shangazi, nimekubali kuhusu yeye. Lakini bado yaniuma kwamba watu wafe Baidoa miezi na miezi, dunia isigeuke mpaka aende mtu wa sinema.

Shangazi Zainabu: Hapo sikupingi hata kidogo. Mariamu, hilo liandike kwenye kazi yako, na uandike pia Utange. Walimu wako hawataliona vitabuni.

Mariamu: Nitaliandika. Mama Idi, nikupigie baada ya isha unieleze vizuri habari za Wabarawa?

Mama Idi: Piga mwanangu. Na nitamwita jirani wa mlango wa pili, yeye alikuwemo kambini mwenyewe.

Idi: Nami natafuta hiyo filamu ya Kongo. Nikiipata naileta Ijumaa.