Naomba ushauri: kabati la mashuka limeshika ukungu, na mtoto mchanga anakuja

Mama wa Shangani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, natumaini hamjambo nyote. Ninaishi Shangani, Mtwara Mjini, si mbali na bahari, katika nyumba yenye vyumba vinne na watu saba. Kabati letu la mashuka ni moja tu, la milango miwili, na limesimama kwenye korido likiegemea ukuta wa bafu. Ndani yake kuna mashuka ya vitanda vya futi 4, 5 na 6, foronya, mataulo, mapazia ya akiba, vitambaa vya meza vya kudarizi, vyandarua, doti za khanga, pamoja na mablanketi mawili mazito ambayo mama mkwe alikuja nayo kutoka Newala, ambako baridi ni ya kweli.

Shida yangu ya kwanza ni mpangilio. Kila anayetafuta shuka huvuta la chini, na rundo zima huporomoka. Naweza kushika mashuka sita nisipate pea moja iliyokamilika. Shida ya pili, ambayo inanisumbua zaidi, ni ukungu: tangu mvua zilipoanza mwezi Desemba mashuka yanatoa harufu ya uvundo, na mengine yameota madoadoa meusi kwenye mikunjo. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, ameweka vidonge vya nafthalini katika kila rafu, na sasa harufu yake inafika hadi sebuleni.

Wifi yangu anatoka Masasi mwezi ujao kuja kujifungulia kwetu, na atakaa nasi mpaka atoke arobaini. Ningependa akute kabati safi, lenye mpangilio ambao hata watoto wataweza kuufuata. Nianzie wapi?

Mtunza Vyumba, Lindi

Dada, pole kwa usumbufu. Nimetunza mashuka ya nyumba ya wageni hapa Lindi kwa miaka mingi, na ninakushauri uanze kwa kutoa kila kitu nje, mpaka kabati libaki tupu kabisa. Ukipanga huku vitu vikiwa ndani, utahamisha tu rundo kutoka rafu moja kwenda nyingine.

Kisha hesabu vitanda, na uache mashuka baadaye. Kwa kila kitanda zinatosha pea tatu: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, na moja kabatini. Ongeza pea mbili au tatu za wageni, kwa kuwa huku kwetu msiba au ngoma ya unyago hujaza nyumba kwa siku moja. Yanayozidi hapo ndiyo yanayobana hewa na kuzaa huo uvundo. Yaliyochakaa yakate matambaa, na yaliyo mazima mpe anayeyahitaji.

Kuhusu pea kupotea, kunja shuka la kutandika na la kujifunika pamoja na foronya moja, kisha utie vyote ndani ya foronya ya pili. Atakayehitaji kutandika atachukua furushi moja tu. Ili kutofautisha vipimo, shona nyuzi chache za rangi kwenye pembe ya kila shuka: nyekundu kwa futi 4, bluu kwa futi 5, na kijani kwa futi 6. Hata mtoto asiyejua kusoma ataelewa. Furushi lililotoka kufuliwa liwekwe chini ya mengine, na la kutumia lichukuliwe juu, ili yote yapate zamu. Shuka la pamba likikaa miezi mingi kwenye mkunjo uleule, hupata mstari wa njano ambao ni vigumu kuutoa.

Jambo la mwisho, usitandike magazeti kwenye rafu, kwa sababu wino wake huhamia kwenye mashuka meupe. Tandika kipande cha shuka kuukuu.

Mzaliwa wa Chikongola

Kwa uzoefu wangu, nafthalini haina mbadala. Mama yetu aliiweka kwenye masanduku yote ya nguo na hatukuwahi kuona nondo. Wala usiogope harufu, kwani ukianika shuka kwa saa moja kabla ya kutandika, inatosha.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu Mama wa Shangani, nimesoma kwamba mtoto mchanga anakuja katika nyumba hiyo, na kwa sababu hiyo naomba unisikilize kwa makini. Ondoa nafthalini yote leo hii, usisubiri wifi yako afike.

Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Hali hiyo hurithiwa, na imeenea zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Mzazi hawezi kuijua kwa kumtazama mtoto. Mtoto wa namna hiyo akifunikwa kwa shuka au blanketi lililohifadhiwa na nafthalini, mvuke wake humwingia kwa pumzi na kwa ngozi, na chembe zake nyekundu zinaweza kuvunjika kwa wingi. Hupungukiwa damu na kupata manjano makali, na manjano yakizidi kwa mtoto mchanga yanaweza kuudhuru ubongo. Kuanika saa moja, kama alivyoshauri ndugu yangu hapo juu, hakutoshi hata kidogo. Kila kitakachomgusa mtoto, pamoja na khanga za mzazi, kifuliwe na kuanikwa kwa siku kadhaa, na maadamu harufu ingalipo, kisitumike kwake. Vidonge hivyo pia vinafanana na peremende, na mtoto mdogo aliyemeza hata kimoja ni wa kukimbizwa hospitali mara moja.

Nakuomba pia usiibadilishe nafthalini kwa karafuu maiti ukidhani ni salama zaidi. Nayo si ya kuwekwa karibu na mtoto mchanga.

Naongeza neno moja kwa ndugu wa Chikongola, kwa heshima. Viluwiluwi vya nondo wa nguo hula sufu, manyoya na hariri. Pamba safi si chakula chao. Kwa kabati la mashuka ya pamba, nafthalini inaleta hatari bila kuleta faida.

Mama wa Shangani

Mama, shikamoo, na nakushukuru sana. Nimevikusanya vidonge vyote na kuvifungia kwenye kopo nje ya nyumba, mahali ambapo watoto hawafiki. Nilimsomea mama mkwe maneno yako, akanyamaza kidogo, kisha akaenda mwenyewe kutoa vidonge viwili nilivyovisahau ndani ya foronya.

Hata hivyo, naomba ufafanuzi. Ikiwa nondo hawali pamba, ni nini kilichotoboa mashuka yangu mawili na kuyaachia madoa ya kahawia?

Mkunga Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hapo ningeshuku mende au panya. Je, unatia wanga kwenye mashuka kabla ya kupiga pasi? Mende hupenda wanga. Shuka la kutandikwa kesho litie wanga ukipenda, lakini la kuhifadhi lisiwe nao.

Fundi Seremala, Mikindani

Nimesoma ushauri wote na ninaukubali, lakini naona tumeruka chanzo. Kabati limeegemea ukuta wa bafu. Ukuta wa matofali ya saruji hunyonya maji yanayorukia upande wa pili na kuyatoa upande wa korido taratibu, bila wewe kuona tone. Unaweza kufua na kupanga kila wiki, na ukungu utarudi, kwa sababu mgongo wa kabati umelowa. Nyumba zetu za zamani hapa Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina tabia kama hiyo, kwani kuta zake hupandisha unyevu kutoka ardhini.

Lihamishe, dada. Liweke kwenye ukuta wa ndani usiopakana na bafu wala kupigwa na mvua, na uache nafasi ya inchi 2 kati ya mgongo wake na ukuta. Liinue kwa vigogo vya inchi 4 ili hewa ipite chini, na ili uwaone mchwa wakianza kupanda. Mwite fundi atoboe matundu machache kwenye ubao wa mgongo, mengine chini na mengine juu, kisha ayazibe kwa wavu mwembamba unaozuia mende. Hewa yenye joto hupanda, hivyo itatokea juu na kuivuta nyingine kutoka chini.

Tazama pia kabati limetengenezwa kwa nini. Mbao za mninga au mkongo huvumilia hali ya hewa ya pwani. Zile bodi za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi huvimba zikilowa, na hazirudi tena katika hali yake. Bawaba na misumari ya chuma nayo hushika kutu haraka kwa hewa ya chumvi, na kutu ikigusa shuka jeupe huacha doa baya. Mbao tupu isiyopakwa kitu pia huipa pamba rangi ya njano, kwa hiyo paka vanishi na uiache ikauke mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kurudisha mashuka.

Milango ifunguliwe mchana siku za jua. Usiiache wazi usiku wala wakati wa mvua, kwa kuwa hapo unakaribisha unyevu ndani.

Bi Mkubwa wa Mtanda

Wanangu, mimi niko Lindi na nitaeleza namna ya kuondoa ukungu wenyewe. Yapeleke mashuka nje kwanza uyakung'ute, wala usiyakung'ute ndani, maana vumbi la ukungu litaingia vifuani mwenu. Meupe yalowekwe kwenye maji yenye jiki kidogo. Ya rangi pakaa limau na chumvi kwenye doa, ukijaribu kwanza pembeni, kisha uyaweke juani na kuyasuuza vizuri. Rafu zifute kwa siki na uache milango wazi mpaka zikauke. Tafadhali msichanganye jiki na siki kwenye chombo kimoja, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Kosa kubwa ninaloliona kwa wengi ni kukunja shuka ambalo halijakauka. Katikati huwa kavu, lakini pindo bado ni bichi. Libane pindo kwa vidole, au liweke shavuni. Ukihisi ubaridi, bado. Vilevile shuka lililotoka kwenye pasi lina mvuke, hivyo liache lipoe kwanza. Mablanketi yatoe kwenye mifuko ya nailoni yenye zipu, kwa kuwa mifuko hiyo hufungia unyevu, na uyafunge kwa shuka kuukuu.

Badala ya nafthalini, weka mkaa kwenye kopo lililotobolewa katika rafu ya chini, na kila baada ya wiki mbili uuanike juani ili uweze kunyonya tena. Chumvi ya mawe nayo hunyonya, lakini hugeuka maji na kumwagikia nguo, ndiyo maana siipendi. Majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa husaidia kuwafukuza wadudu. Sisi tulizoea pia kuweka asumini na mlangilangi, ila maua mabichi yana maji. Yakaushe kwanza.

Mvua zikiisha, kuanzia mwezi Juni, toa kila kitu uanike kwa siku nzima. Kwangu hiyo ndiyo sikukuu ya kabati.

Mtunza Vyumba, Lindi

Naongeza kuhusu vyandarua, kwa sababu hakuna aliyevigusa. Chandarua chenye dawa kisifuliwe kwa jiki, wala kisianikwe juani, kwani dawa huharibika. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini. Kipya kiachwe wazi kivulini kwa siku moja kabla ya kutundikwa juu ya kitanda cha mzazi.

Mama wa Shangani

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili kuwapa mrejesho. Tulipolisogeza kabati tulikuta ukuta wa nyuma una doa la maji lenye urefu wa karibu mita moja, kama alivyosema fundi wa Mikindani. Sasa limehamia ukuta wa chumba cha mama mkwe, juu ya vigogo, na matundu yametobolewa. Vanishi sijapaka, kwa sababu harufu yake isingeisha kabla ya mtoto kufika; nimetandika mashuka makuukuu kwenye rafu zote.

Tulikuwa na mashuka 43, na pea zilizokamilika ni 16. Tumebaki na pea hizo pamoja na mashuka manne ya ziada. Mashuka mawili ya kudarizi, ambayo marehemu mama yangu aliyashona mwenyewe, yalikuwa na ukungu, nami niliogopa kuyatia jiki. Nilifuata njia ya limau na jua kwa siku tatu. Doa moja limebaki, lakini ua alilolidarizi limesalimika, nami nimeyaweka rafu ya juu kabisa, yakiwa yamefungwa kwa khanga.

Rafu ya katikati tumeiacha kwa ajili ya mtoto. Vitu vyake vimefuliwa mara mbili na kuanikwa kila jua lilipotoka. Blanketi moja la Newala bado lina harufu ya nafthalini nikilikaribisha puani, kwa hiyo limebaki kwenye kamba ya uani, na wifi atakapofika Jumamosi atatumia blanketi jingine, lisilo la kabatini, ambalo lilikuwa kitandani kwa mama mkwe na halikuwahi kuwekewa dawa.